Precipitevolissimevolmente (silabi na mkazo)

Precipitevolissimevolmente ni kielezi cha Kiitalia chenye herufi 26 na silabi 11, kwa maana ya kuporomoka kwa kasi kupita kiasi. Katika mazungumzo ya kila siku ni nadra kulisikia. Lilitungwa na Francesco Moneti, mtawa Mfransisko wa Cortona, Toscana, katika utenzi wake wa dhihaka La Cortona convertita wa mwaka 1677.

Silabi zake ni pre-ci-pi-te-vo-lis-si-me-vol-men-te. Konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huandamana na irabu inayofuata. Konsonanti pacha hutengana, ndiyo maana lis-si. Nazo l na n zikitangulia konsonanti nyingine hufunga silabi ya nyuma: vol-men, men-te. Pr haivunjwi.

Mkazo mkuu uko kwenye men, silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo lisimfanye msomaji wa Kiswahili adhani kanuni ni ileile yetu, kwani mkazo wa Kiitalia huhama: àncora ni nanga, ancóra ni bado. Hapa umeletwa na kiambishi -mente, ambacho katika Kilatini kilikuwa neno kamili, na kila kielezi kinachokibeba hukazwa papo hapo.

Utamu wenyewe umo katika mizani. Mshororo mkuu wa ushairi wa Kiitalia, aliotumia Dante, kwa kawaida una mizani 11 na mkazo wa lazima kwenye mizani ya 10. Neno hili linatimiza yote mawili, likasimama peke yake kuwa mshororo mzima. Sarufi ya kawaida ingezaa precipitevolissimamente, yenye silabi 10 na mkazo kwenye ya 9, mshororo ungepwaya. Moneti alirudia -evole, kiambishi cha kivumishi, baada ya -issim-, kiambishi cha kukithirisha, na kwa kukiuka sarufi hivyo mizani ikatimia. Zaidi ya hayo, kivumishi cha msingi, precipitévole, hukazwa kwenye te. Ikiongezwa -issim- mkazo huhamia lis, na -evole ya pili huupeleka me. Mikazo hiyo hufifia bila kutoweka, ikiangukia mizani ya 4, ya 6 na ya 8, ndipo men ipokee ya 10. Huo ni ufundi wa mshairi hodari.

Unapolisoma, tamka ci kama chi, ishikilie s pacha, wala usiseme me-nte kwa mazoea ya ko-nde: n na ifunge silabi yake.