Impact: Fonti ya vichekesho mitandaoni iliyoanzia kwenye karatasi

Zile herufi nene nyeupe zenye ukingo mweusi kwenye picha za vichekesho mitandaoni ni za fonti inayoitwa Impact, na umri wake ni mkubwa kuliko wa intaneti.

Ilibuniwa na Geoffrey Lee wa Uingereza, ikatolewa mwaka 1965 na kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield, enzi za kuchapa kwa herufi za madini.

Herufi zake ni nene, zimebanwa na zimekaribiana, hivyo kichwa cha habari kirefu kinaenea kwenye nafasi ndogo na bado kinaonekana kwa mbali. Herufi ndogo nazo ni ndefu, karibu zifikie zile kubwa.

Mwaka 1996 Microsoft iliitoa bure kwa ajili ya tovuti, ikasambaa kwenye kompyuta nyingi. Ukingo mweusi ndio unaofanya maneno yasomeke juu ya picha yoyote, iwe nyeupe au yenye giza.

Ila usiandikie aya nzima. Ikiwa ndogo, hasa kwenye simu, matundu ya "a" na "e" yanazibika, msomaji anachoka fasta. Bango au kichwa cha habari, inatosha.