Mbinu ya Alexander: masomo ya kuupunguzia mwili mzigo

Mgongo unaouma jioni baada ya jembe, ndoo au safari ndefu ya pikipiki ni jambo linalojulikana karibu kila nyumba. Dawa ya kutuliza maumivu husaidia kwa saa chache, kesho yake mambo ni yale yale. Katika makala haya tunaeleza njia ambayo si dawa, si kukandwa, wala si mazoezi ya viungo. Inaitwa Mbinu ya Alexander. Ni masomo ya kujifunza kukaa, kusimama, kuinama na kutembea bila kujikaza kupita kiasi. Tutaangalia ilikotoka, utafiti unasema nini, na unachoweza kujaribu hata kama hakuna mwalimu karibu nawe.

Ilianzaje?

Frederick Matthias Alexander alizaliwa mwaka 1869 katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Kazi yake ilikuwa kughani mbele ya watu, hasa maandishi ya Shakespeare. Sauti ikaanza kumkauka jukwaani. Akiipumzisha, ilirudi. Akipanda tena jukwaani, ilikauka tena. Akajiuliza swali ambalo sisi tunaoishi kwa sauti tunalielewa vizuri: kama koo ni zima ninapopumzika, ni kitu gani ninachokifanya ninapoghani?

Akajitazama kwenye vioo. Aliona kwamba kila alipotaka kuanza, alivuta kichwa nyuma, akakandamiza koo na kuvuta hewa kwa kelele mdomoni. Alipojaribu kujirekebisha, alihisi kabisa kwamba amepeleka kichwa mbele, lakini kioo kilimwonyesha kuwa bado kiko nyuma.

Hapo ndipo penye kiini cha mbinu hii. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu mojawapo ni kwamba mazoea hudanganya hisia. Mtu aliyepinda kwa miaka mingi hujihisi amenyooka. Ndiyo maana kumwambia "simama wima, toa kifua" hakumsaidii sana: anaongeza mkazo mpya juu ya ule wa zamani, na baada ya dakika chache anarudi alikokuwa.

Alexander alihamia London mwaka 1904, na mwaka 1931 akaanzisha mafunzo ya kuandaa walimu. Alifariki mwaka 1955.

Somo linakuwaje?

Mwalimu hufundisha mtu mmoja mmoja, kwa nusu saa au zaidi kidogo. Mwanafunzi havui nguo. Vifaa ni kiti na meza ya kulalia. Mwalimu huweka mikono yake taratibu shingoni, kichwani au mgongoni mwa mwanafunzi, huku akimwongoza kufanya mambo ya kawaida kama kukaa na kuinuka.

Kinachofundishwa kwanza ni kusita. Kabla hujainuka kitini, simama kidogo katika mawazo yako, uone kama shingo imeshaanza kukaza. Ikiwa imekaza, iache ilegee, kisha ndipo uinuke. Somo moja halitoshi, kwa sababu mazoea ya miaka mingi hayaondoki kwa siku moja.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu au yanayojirudia. Baada ya mwaka mmoja waliulizwa wameumwa siku ngapi katika wiki 4 zilizopita. Kwa waliopata huduma ya kawaida tu, mtu wa katikati katika kundi aliumwa siku 21. Kwa waliopata masomo 6 ilikuwa siku 11, na kwa waliopata masomo 24 ilikuwa siku 3. Waliopata masomo 6 na kushauriwa pia kufanya mazoezi, hasa kutembea, walikaribia nafuu ya wale wa masomo 24.

Tuseme pia mipaka yake. Washiriki walijua wanachopewa, na hilo linaweza kuchangia mtu kujisikia nafuu. Mbinu hii haitibu ugonjwa, na haina ushahidi wa kutosha kwa matatizo kama kukosa usingizi au maumivu ya kichwa. Ukisikia mtu anaiuza kama tiba ya kila kitu, shika fedha zako.

Unaweza kujaribu nini nyumbani?

Mambo haya hayachukui nafasi ya mwalimu, lakini hayana gharama.

Kwanza, lala chali kwenye mkeka sakafuni, si kitandani. Weka vitabu viwili au vitatu chini ya kichwa. Kunja magoti yaelekee juu, nyayo zikanyage sakafu, mikono itulie tumboni. Acha macho wazi. Kaa hivyo dakika 10 hadi 20. Usijinyooshe kwa nguvu, iachie sakafu ikubebe. Ukimaliza, geukia ubavu kwanza ndipo uinuke.

Pili, kabla ya kuinua ndoo, sita. Legeza shingo, sogea karibu na mzigo, kunja magoti na nyonga badala ya kupinda mgongo peke yake.

Tatu, hata sasa unaposoma makala haya, inua simu ije machoni badala ya kuifuata kwa shingo.

Wakati gani uende hospitali?

Usingoje masomo wala mkeka ikiwa maumivu ya mgongo yanaambatana na ganzi sehemu za siri au makalioni, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hiyo ni dharura, nenda siku hiyo hiyo. Nenda pia ikiwa una homa, unapungua uzito bila sababu, au maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali.

Kwa maumivu yale ya kila siku, anza na dakika 10 za mkekani leo jioni, na kesho uirudie. Na ukishika jembe asubuhi, kabla ya pigo la kwanza, iulize shingo yako: imeshakaza?