Kifusi cha Hira na Msikiti wa Kufa

Ndugu msomaji, nyumba kongwe ikibomolewa mitaani petu, neno la kwanza lisikikalo ni "kifusi tu hicho". Na ikisha kuitwa kifusi, kila apitaye hujiona ana haki ya kujichukulia jiwe. Waislamu wa mwanzo hawakukiona hivyo, na tarikh imetuhifadhia kisa chao.

Mwaka wa 17 wa Hijra (638), Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliuasisi mji wa Kufa, nchini Iraq, kwa amri ya Sayyidna Umar (r.a.). Mwanzo watu walikaa katika vibanda vya matete. Ukatokea moto, vingi vikateketea, nao wakamwomba Khalifa ruhusa ya kujenga kwa matofali. Akawaruhusu, ila mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kwa urefu wa majengo. (Sisi leo twashindana hata kwa minara.)

Karibu na hapo palikuwa na Hira, mji wa wafalme wa Kiarabu wa ukoo wa Mundhir, ambao dola yao ilikwisha anguka kabla ya Uislamu kufika huko. Makasri yao yalibaki. Wenyeji wa Hira, wengi wao Wakristo, walikwisha fanya suluhu na Khalid bin Walid (r.a.) mwaka wa 12 wa Hijra kwa kulipa jizya. Basi ulipojengwa msikiti wa Kufa, baadhi ya vifaa vyake vilitoka katika mabomoko ya makasri yale, ambayo Waarabu huyaita anqadh. Nani angeuliza? Wafalme wamekufa, majumba ni magofu, na nguvu iko kwa Waislamu. Lakini Baladhuri, aliyefariki mwaka 892, asimulia katika Futuh al-Buldan kuwa kulipatikana karatasi za Hira zilizoeleza kwamba thamani ya vifaa hivyo ilipigiwa hesabu, na watu wa Hira wakapunguziwa kiasi hicho katika jizya yao. Kinachojengwa ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, mwenye mali si Mwislamu, mali yenyewe ni gofu, na bado hesabu ikafanywa!

Hata kabla ya utume, Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, naye Mtume (s.a.w.) ana umri wa miaka 35, mbao za dari walizipata katika jahazi lililovunjika pwani. Wako wapokezi wasemao kuwa walizinunua.

Mali ya wakfu ina ulinzi mkubwa zaidi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, asema katika Minhaj kuwa msikiti ukianguka na isiwezekane kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Kinachojuzu kuuzwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ni mikeka yake iliyochakaa, na boriti zilizovunjika zisizofaa ila kuchomwa moto. Pamoja na hayo, Sultani al-Muayyad Shaykh wa Misri, alipojenga msikiti wake mjini Kairo kati ya 1415 na 1421, aliung'oa mlango mkubwa wa msikiti wa Sultan Hasan, msikiti uliokuwa umesimama imara, akatoa dinari 500. Mlango ni mzuri ajabu, na uko hapo alipoutia. Wa Hira hawakuwa na sultani, na walipata haki yao kuliko wakfu huu.

Kwetu pwani kutumia tena vifaa vya kale si jambo geni. Gereza ya Kilwa Kisiwani, waliyoijenga Waomani yapata mwaka 1800, imesimama juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505. Na nyumba zetu za mawe zafunguka kwa wepesi: chokaa ni laini, fundi akigonga kidogo jiwe hutoka zima, na boriti za mikoko hushushwa moja moja. Ukuta wa saruji ukivunjwa, tofali hukatika pamoja na saruji yake, likafaa kujazia msingi au shimo la barabara tu. Ndiyo maana kifusi cha nyumba kongwe hugombewa.

Na wenyewe wako. Nyumba ya marehemu isiyogawanywa, mlango wake na mawe yake ni ya warithi wote, pamoja na binti aliyeolewa mbali, asiyejua kuwa imebomolewa. Msikiti ukivunjwa ili ujengwe wa ghorofa, boriti zake huondoka na lori usiku, na anayezichukua husema amesaidia kusafisha uwanja. Boriti nzima haimo katika ile ruhusa ya Imam Nawawi.