Vitivo vya Sheria, Ualimu na Elimu ya Jamii vya Chuo Kikuu cha Burundi: Historia Fupi

Kijana wa Kabezi atakaye kusoma sheria, au ualimu, au elimu ya jamii, hufuata barabara ya ufuoni kuelekea kaskazini, Ziwa Tanganyika likiwa kushotoni mwake na milima ya Burundi kuliani, mpaka afike Bujumbura, ambako Chuo Kikuu cha Burundi kina vitivo vya taaluma hizo tatu. Taasisi hii ilizaliwa mwaka 1964, na katika zaidi ya miaka sitini ya uhai wake imeonja heri na shari za taifa lenyewe. Kwa hiyo yafaa sisi wa ufuoni, tulio jirani zake, tuieleze tarehe yake kwa adabu na kwa insafu.

Lakini ilimu ya kuhukumu na ya kufundisha ni kongwe kuliko majengo ya chuo. Huko milimani, tangu enzi za wafalme, madaawa ya mipaka, ya mahari na ya urithi yalisikilizwa na wazee waadilifu waitwao bashingantahe, ambao hawakurithi cheo chao kwa nasaba, bali walichaguliwa kwa mwenendo wao, wakaapishwa mbele ya watu. Huku ufuoni nako, katika Rumonge na baadaye katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, maalimu waliwafundisha watoto Kurani, na wazee wakawasuluhisha watu katika ndoa na mirathi kwa kufuata sharia ya Kiislamu. Basi chuo kilipokuja kilikuta wenyeji wenye hekima yao, na aghalabu heshima yake imepanda kila kilipoisikiliza hekima hiyo.

Wabelgiji, waliotawala Ruanda-Urundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakuwa na haraka ya kuwapa raia elimu ya juu. Shule iliyosifika kuliko zote ilikuwa ile ya Astrida, katika Rwanda, iliyoongozwa na mabruda wa Kikatoliki, na iliyowatayarisha wana wa machifu, makarani na wasaidizi wa waganga; ama mwanasheria, yeye hakutayarishwa nchini. Hata Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyesoma Astrida, ilimlazimu aende Antwerp, katika Ubelgiji, ili azidi kusoma. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa na mahakama, wizara na shule za kuendeshwa, ilhali waliosoma kiasi cha kuziendesha walikuwa wachache mno.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Serikali cha Bujumbura mwaka 1964, kwa kuunganisha taasisi ndogo za elimu ya juu zilizoanzishwa mwisho wa enzi ya Wabelgiji, miongoni mwazo zikiwamo zile za mapadre Wayesuiti. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Shule Kuu ya Ualimu, ili nchi isiendelee kuazima kutoka ng'ambo kila mwalimu wa sekondari. Katika shule hiyo alifundisha Jean-Pierre Chrétien, Mfaransa ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanahistoria mashuhuri wa nchi za Maziwa Makuu. Mafunzo yalikuwa kwa Kifaransa, na sheria iliyosomwa ilikuwa ya mtindo wa Kibelgiji. Hata hivyo, sasa Mrundi aliweza kusomea sheria na ualimu wa sekondari bila ya kutoka nchini mwake.

Kabla taasisi haijatimiza miaka kumi ilifika tufani ya mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini, katika Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha utawala ukajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, na hasa wale waliosoma: waalimu, makarani, mapadre, na wanafunzi waliochukuliwa kutoka shuleni na chuoni wasirudi tena. Wengi wa watu wa ufuoni walivuka ziwa au mpaka, wakakimbilia Tanzania na Kongo, wakaziacha nyumba na mashamba. Taasisi iliyoundwa ili elimu iwe baraka ilishuhudia elimu ikigeuzwa kuwa sababu ya kifo, na hakuna historia yake, fupi wala ndefu, iwezayo kulipita jambo hilo kimya.

Mwaka 1973 chuo, Shule Kuu ya Ualimu na Shule ya Taifa ya Utawala viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja. Tangu hapo mwalimu mtarajiwa, hakimu mtarajiwa na mtawala mtarajiwa wakawa chini ya dari moja. Katika miaka hiyo ya 1970 Kirundi kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na kazi hiyo ilidai waalimu wa kuwafunza waalimu. Wanahistoria nao walitoka kwenda kuwauliza wazee, wakayaandika masimulizi ya vinywa. Na Émile Mworoha, mwalimu wa chuo hicho, alitoa mwaka 1977 kitabu chake juu ya watu na wafalme wa Afrika ya maziwa, ambacho mpaka leo wanazuoni hukirejea.

Kwa upande wa sheria, mwaka 1980 ilitoka Sheria ya Watu na Familia, iliyorekebishwa mwaka 1993, na mwaka 1986 ilitoka Sheria ya Ardhi, iliyorekebishwa mwaka 2011. Sheria hizi si karatasi tupu kwa wakazi wa Rumonge. Wakimbizi wa 1972 waliporejea walikuta michikichi yao ikivunwa na wengine, ambao baadhi yao walikuwa wamegawiwa ardhi hiyo na serikali wala hawakuwa na pengine pa kwenda. Na hakimu aliyetakiwa kuamua alihitaji kuijua sheria iliyoandikwa, mila ya mahali na historia ya fitina yenyewe, maana aliyekosa mojawapo ya hizo tatu hakuweza kutoa hukumu ya haki.

Tufani haikuwa moja. Rais Melchior Ndadaye, wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi wote chini ya vyama vingi, aliuawa Oktoba 1993, na vita vikaenea. Huko Kibimba wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto. Na Juni 1995 wanafunzi wa Kihutu waliuawa ndani ya chuo chenyewe, pale Mutanga. Hata hivyo milango ilifunguliwa tena. Shule Kuu ya Ualimu ilianzishwa upya mwaka 1999, vyuo vya watu binafsi vikaanza kuchipua, na tarehe 28 Agosti 2000 ukatiwa saini Mkataba wa Amani wa Arusha, wa kuvimaliza vita hivyo, ambao masharti yake juu ya haki na mgawanyo wa madaraka yakawa maudhui ya masomo.

Mwaka 2005 ada ya shule za msingi ilifutwa, watoto wakafurika madarasani, na haja ya waalimu ikazidi. Julai 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili, ambacho kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa lugha ya soko na ya bandarini tu, kikapata nafasi katika mitaala ya shule. Kwetu sisi wa Kabezi na Rumonge hiyo ni fahari, na pia ni dhamana, kwa kuwa lugha ikipewa nafasi hudai waalimu waijuao barabara na vitabu vya kuisomea.

Katika tarehe hii yote mna funzo moja lililo wazi: sheria, ualimu na elimu ya jamii ni taaluma ndugu. Hakimu asiyeijua jamii yake huhukumu kwa kubahatisha. Mwalimu asiyejua haki hufundisha utiifu bila insafu. Na mtafiti asiyefundisha huzikwa na ilimu yake. Taasisi hii ilipoteza wanafunzi na walimu waliokuwa tumaini la nchi, na deni lao hulipwa kwa kuwafundisha wanaokuja bila kuuliza kabila wala kilima walikotoka. Basi na iadhimishwe kwa kazi: sheria za ardhi na za familia zifafanuliwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili chepesi, na walimu wazuri wapelekwe hata shule zilizo mbali na mji, ili kila raia azijue haki zake kwa lugha yake mwenyewe.