Jeraha la Nje ya Kazi na Hatima ya Ajira katika Sheria ya Tanzania

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), humlinda aliyeumia kutokana na kazi yake. Aliyevunjika mguu Jumapili kwa ajali ya bodaboda akitoka msibani hana dai katika mfuko huo, hata kama mwenzake aliyeanguka ghalani kesho yake amepata jeraha lilelile. Mpaka huo una mantiki, kwa kuwa michango ya mfuko hutolewa na waajiri kwa ajili ya hatari zinazozaliwa na shughuli zao. Kinachostahili kupingwa ni tabia ya kuuhamishia kwenye swali jingine kabisa, yaani kama majeruhi abaki kazini au aondoke.

Swali hilo la pili hutawaliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo katika kutoa likizo ya ugonjwa haijali mfupa ulivunjikia wapi. Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. (Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 huweka kima cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, muda ambao kwa aliyevunjika paja huisha akiwa bado kitandani.)

Hata hivyo, siku 126 ni ukomo wa malipo, si ukomo wa ajira, na kuzisoma kama hukumu inayojitekeleza yenyewe ni kosa, hasa ikizingatiwa kwamba mfupa wa muundi unaweza kuchukua zaidi ya miezi minne kuunga. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 humtaka mwajiri apime chanzo cha kutoweza kazi, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama majukumu yanaweza kurekebishwa ili mhusika aendelee. Ni kweli kwamba chanzo kimetajwa. Lakini kinaweza kumwongezea mwajiri wajibu kwa aliyeumia kazini bila kumfutia wajibu kwa aliyeumia kwingine. Dereva asiyeweza tena kukanyaga klachi huenda akafaa sana kusimamia stoo.

Mwenye duka la wafanyakazi wawili hawezi kudaiwa kubuni nafasi isiyokuwepo. Kampuni kubwa haina udhuru huo, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu, na ni kichekesho cha kisheria kumfukuza mzoefu aliyepata ulemavu kisha kutangaza nafasi kwa ajili ya wenye ulemavu.

Mzigo wa kuthibitisha kwamba usitishaji ulikuwa wa haki ni wa mwajiri. Hata hivyo, aliyeachishwa ana siku 30 tu za kufungua mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na anayetembelea magongo hahesabiwi tofauti. Akichelewa, hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi.