Kodi ya ardhi Kongo: sheria inayopima mita bila kupima bei

Mtu aliyekimbia vita na kuacha kiwanja nyuma, akibahatika, hubeba karatasi moja au mbili: jetoni ya kiwanja, au risiti ya kodi ya ardhi. Wengi huamini kwamba risiti inatosha kuonyesha mwenye kiwanja ni nani. Historia ya sheria zetu inasema vingine.

Tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Mfalme Léopold II ilitangaza kwamba ardhi yote iliyo wazi ni mali ya Serikali. Shamba lililopumzishwa, pori la kuwinda, malisho: machoni mwa Wazungu hayo yote yalikuwa wazi. Hapo ndipo karatasi ilianza kushinda jembe.

Mwaka 1957, tarehe 20 Juni, ikaja dekreti ya mipango ya miji. Pale mpango wa mji unapofika, shamba lililo pembeni huwa na bei mbili. Jana lilikuwa na bei ya mihogo. Leo, ofisi ikishakubali ligawanywe viwanja vya kujenga, lina bei ya mji, na mwenyewe hajaongeza hata jiwe moja.

Je, kodi iliona faida hiyo? Hapana. Sheria ya kodi ya tarehe 10 Februari 1969 iliangalia daraja la mahali, aina ya jengo na mita zake. Daraja linafanana kidogo na bei, ni kweli, lakini halifuati soko. Faida ikabaki kwa yule aliyepata kibali kwanza.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Kwa sheria ya 1947, aliyepewa ruhusa ya kujenga alipaswa kulipa Serikali faida yote iliyoletwa na ruhusa hiyo, asilimia 100. Wenye ardhi wakaona hakuna haja ya kuuza, na malipo hayo yakafutwa mwaka 1953. Kuchukua yote kulishindikana kule. Huku kwetu hakuna aliyejaribu kuchukua hata nusu.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Udongo wote ukawa wa Serikali, raia akabaki na haki ya kuutumia. Kipengele cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa peke yake. Kuhusu ardhi za kimila, kipengele cha 389 kiliahidi amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo, na machifu wakaendelea kugawa mashamba kwa desturi huku ofisi zikigawa kwa karatasi, mara nyingine shamba lilelile.

Katiba ya 2006 iliweka kodi ya ardhi mikononi mwa mikoa. Mpokeaji wa kodi hupokea pesa kutoka kwa yeyote, na risiti huonyesha aliyelipa tu. Anayekaa leo katika nyumba ya jirani aliyekimbia anaweza kulipa kila mwaka bila kuwa mwenye nyumba. Lakini akifaulu kupata cheti kwa jina lake, kipengele cha 227 kinampa aliyekimbia miaka miwili tu ya kukipinga mbele ya hakimu, na hesabu inaanza siku cheti kilipoandikwa, hata kama yeye yuko kambini na hajasikia habari.