Kutunga Mbuzi Si Kosa

Mtoto wa Mombasa akiandika "babu alikuwa akitunga mbuzi", hukatiwa kwa kalamu nyekundu. Huambiwa mbuzi huchungwa, na kinachotungwa ni shairi. Ndugu msomaji, mtoto huyo hakukosea. Amesema Kimvita.

Katika Kimvita na Kiamu, "ch" ya Kiunguja mara nyingi huwa "t". Mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka, kichwa ni kitwa, na kuchunga ni kutunga. Nayo njia ni ndia. Hiyo ni kanuni, si ulimi mzito. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa. Kuchaguliwa kwake hakukuyafanya maneno yetu kuwa makosa.

Haya ni baadhi ya maneno ya mwendo na malisho yanayofaa kuhifadhiwa:

Kwenenda: kwenda, kushika mwendo. Ndiko kulikotoka "mwenendo", yaani tabia ya mtu.

Kutembea: kwa wazee wetu ni kwenda matembezi au kutembelea watu. Asiye na chombo cha kumpeleka, wao humwambia "huenda kwa miguu".

Kuzuru: neno lenye asili ya Kiarabu. Twazuru jamaa, twazuru makaburi. Usilichanganye na kuzurura, ambako ni kuzunguka bila kazi wala haja. La kwanza lina heshima, la pili ni lawama.

Kuranda: kwenda huku na huku, kama punda wa Lamu vichochoroni.

Kutanga: kuhangaika na ndia bila kituo. Likikaririwa huwa kutangatanga.

Kutunga (kuchunga): kupeleka wanyama malishoni na kuwaangalia wasipotee wala wasiingie shamba la mtu. Si sawa na kulisha, maana hata mbuzi aliyefungwa uani hulishwa kwa kuletewa majani. Mwenye kazi hiyo ni mtunga.

Siwaombi walimu waache sanifu, kwani mtihani una lugha yake. Naomba mtoto aambiwe, "Kwa sanifu ni kuchunga, kwenu ni kutunga," asiambiwe amekosea. Akishaambiwa hivyo mara nyingi, ataona haya hata kuzungumza na nyanyake, na maneno haya yatazikwa pamoja na wazee wetu. Dini imetufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga. Lugha ya mama ni miongoni mwa tulivyoachiwa.